Kumaliza The Stanley Parable chini ya dakika 4 na sekunde 22: maswali mnayoniuliza kila siku

Wakuu habari zenu. Tangu nilipoweka picha ya ile achivumenti (tuzo ambayo gemu inakupa ukitimiza jambo fulani) ya Speed run, yaani kumaliza mbio, ya gemu ya The Stanley Parable, meseji haziishi, na nyingi zinauliza mambo yaleyale, kwahiyo nimeamua nikae niandike yote sehemu moja, mtu akiniuliza namtumia hii. Nimejibu kama ninavyoongea, ukiona sehemu nimeenda mbali sana ruka uende swali linalokuhusu. Alafu kuna spoila humu, yaani nafichua mambo ya hadithi, hilo nalisema mapema.

Hii gemu ni gemu gani? Mimi naona tu jamaa anatembea ofisini

Ndio hiyohiyo, jamaa anatembea ofisini. Anaitwa Stanley, mfanyakazi namba 427, kazi yake ni kukaa chumbani kwake anabonyeza vitufe anavyoambiwa na skrini. Siku moja amri zikaacha kuja, akatoka nje ya chumba akakuta ofisi nzima hamna mtu. Kuanzia hapo kuna sauti ya Msimulizi inakuhadithia kila unachofanya, na wewe unaweza kumfuata au ukamkatalia, ukimkatalia anakasirika, anakubembeleza, anabadilisha hadithi, anakurudisha mwanzo. Hamna bunduki, hamna bosi wa kupigana naye, hamna pointi.

Ilianza 2011 kama modi, yaani gemu iliyojengwa juu ya gemu nyingine, hapa ni Half-Life 2, aliitengeneza Davey Wreden. Mwaka 2013 mwezi wa 10 ikatoka kama gemu kamili, hapo Wreden yuko na William Pugh, chini ya jina la Galactic Cafe. Alafu 2022 ikaja Ultra Deluxe, toleo lake lililoongezewa mambo, ambayo ndio ipo mpaka kwenye PlayStation, Xbox na Switch. Sauti ya Msimulizi ni ya Kevan Brighting, na kwangu mimi yeye ndio gemu yenyewe, ukimtoa yule mzee unabaki na makorido tu.

Achivumenti yenyewe inataka nini?

Umalize gemu chini ya dakika 4 na sekunde 22. Basi. Gemu ina miisho mingi kutegemea unachochagua, ila haitaki upitie yote, haitaki ukusanye kitu, ni mzunguko mmoja tu, kuanzia ofisini kwa Stanley mpaka mwisho.

Ni kweli inabidi kwanza niicheze taratibu, au naweza kuanza kuikimbiza siku ya kwanza?

Jamani, nawaomba sana kwa hili. Icheze taratibu kwanza. Ingia mlango wa kulia, ingia ile stoo ndogo ya mafagio usimame humo mpaka Msimulizi achoke, panda ngazi ukiambiwa ushuke, shuka ukiambiwa upande. Angalau usiku mbili tatu. Nasema hivi sio kwa sababu ya kukunyima achivumenti, ni kwa sababu raha ya kuikimbiza hii gemu inatokana na kujua ni vitu gani unavipita pembeni bila kugeuka. Mtu ambaye hajawahi kuingia ile stoo ya mafagio akiipita mbio hajapita kitu. Mimi kila nikiipita naskia kabisa kama nimemwacha mtu mlangoni.

Na pia kuna sababu ya kawaida tu: ukiwa mgeni macho yanavutwa. Utaona karatasi mezani, utasoma ubao, sekunde 10 zimeenda.

Sawa, nipe njia. Hatua kwa hatua

Njia niliyotumia mimi, na ndio wanayotumia watu wengi, ni ule mwisho wa Uhuru, yaani kufanya kila anachosema Msimulizi bila kubisha. Iko hivi.

Unaanza chumbani kwa Stanley. Toka, usiguse mlango wa chumba, maana ukiufunga ukabaki ndani unaangukia mwisho mwingine kabisa. Pita katikati ya madawati ya wenzake, fuata korido mpaka kile chumba cha milango miwili. Ingia wa KUSHOTO. Endelea na korido, stoo ya mafagio achana nayo, utafika chumba cha mikutano, kipite. Mbele kuna ngazi, panda JUU, usishuke. Juu ni ofisi ya bosi. Nyuma ya meza yake kuna kibao cha namba, namba ni 2845. Pakifunguka kuna njia ya siri, ingia, panda lifti ikushushe chini.

Ukitoka kwenye lifti kuna korido, na hapo utaona maandishi yanayokuita ukimbilie njia ya kutorokea. Usiyafuate! Wengi wanapotelea hapo, maana mtu ana haraka anaona neno la kutoroka anadhani ni njia ya mkato. Sio, kule ni hadithi nyingine na ina mambo yake. Wewe nenda moja kwa moja kwenye lile lango kubwa, ndio kituo cha kutawala akili za watu. Ndani kuna ukuta wa skrini kibao, kila skrini na namba ya mfanyakazi. Unaendelea mpaka kwenye mtambo wenyewe, pale kuna vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuzima. Bonyeza cha KUZIMA. Ukibonyeza cha kuwasha umejimaliza, hesabu inaanza kurudi nyuma mpaka mlipuko.

Ukizima kunakuwa giza, alafu lango linafunguka, unaona majani, jua, anga. Tembea mbele. Mwishoni gemu inakuchukua yenyewe, kibodi hauna kazi tena, Stanley anatoka anaenda zake. Ndio umemaliza.

Nafuata njia hiyohiyo lakini nachelewa. Nakosea wapi?

Hili ndio swali kubwa na jibu lake lilinichukua jioni nzima kulielewa.

Kwanza kabisa, Stanley hakimbii. Kasi yake ni moja tu toka mwanzo mpaka mwisho. Kwahiyo hata ukikandamiza kitufe mpaka kibodi ilie hauongezi kitu. Unachoweza kuokoa ni umbali, sio kasi. Maana yake kona zikate, usitembee katikati ya korido kama uko kwenye gwaride, shika ukuta wa ndani wa kona, ukiona mlango uko kulia anza kusogea kulia ukiwa bado mbali. Mausi irekebishe ili ukigeuka ugeuke mara moja, sio unageuka unapitiliza unarudi. Mimi nilikuwa napoteza muda mwingi pale kwenye madawati ya mwanzo kwa kupinda pinda, nilipokaa nikayatembea mara kama 10 bila kwenda mbele, natoka chumbani mpaka milango miwili narudi menyu naanza tena, ndio mwili ukazoea.

Pili, vituo vya kusubiri. Lifti ina mwendo wake, kule chini kwenye mtambo kuna sehemu ambazo lazima Msimulizi aongee ndio mambo yaendelee. Hapo hamna ujanja. Watu wanaudhika hapo, wanaanza kuzunguka zunguka alafu lifti ikifika wao wameangalia ukutani. Ukisubiri simama umeangalia unakoenda. Kitu kidogo lakini ndicho kilichonipa mimi sekunde nilizokuwa nazikosa.

Tatu, kusitasita. Mkono unajua ni kushoto lakini macho yanaangalia mlango wa kulia kwa nusu sekunde. Pale kwenye ngazi vilevile. Ukijumlisha zile nusu nusu ndio unamaliza na dakika 4 na nusu unajiuliza zimeenda wapi.

Ile namba ya siri nibonyeze lini?

Ikariri kabisa, 2845, usiwe mtu wa kuangalia karatasi. Mimi nafika pale nasimama kidole kiko tayari, Msimulizi anamaliza kuitaja, nabonyeza tarakimu nne mfululizo, naingia. Kinachoua watu ni kukosea tarakimu moja alafu mtu anaanza kutetemeka. Na kama umeganda tu pale umesimama bila kubonyeza, Msimulizi mwenyewe atakufungulia njia kwa kusema Stanley alibahatisha, lakini ukifikia hapo muda umeshaliwa.

Gemu inaonyesha saa? Nahesabu kuanzia wapi?

Usisubiri saa kwenye skrini. Weka simu pembeni na saa ya kuhesabia, na anza kuhesabu pale unapobonyeza kuanza gemu, sio pale unapotoka chumbani. Ukihesabu hivyo haujidanganyi, ukiona umemaliza na dakika 4 na sekunde 10 kwa simu yako una amani. Mimi mwanzoni nilikuwa naanza saa nikiwa nimeshafika madawatini, nikawa najisifu wakati bado.

Na kama ndio mara yako ya kwanza kabisa kuifungua, kuna utangulizi mrefu wa Msimulizi kuhusu Stanley na kazi yake. Usijipime siku hiyo, ukae uusikilize.

Naweza kuruka? Nabonyeza kitufe cha kuruka hakifanyi kitu

Hauwezi, wamekizima makusudi. Tena kuna achivumenti nyingine kabisa inaitwa You can't jump, inakupa kwa kujaribu kuruka. Kwahiyo kama umebonyeza hovyo unaweza kukuta umepata hiyo kabla ya ile unayoitafuta.

Nikitumia chiti, yaani amri za kudanganya gemu, je?

Kwenye ile ya 2013 walijua utakuja na wazo hilo. Ukifungua konsoli (sehemu ya kuandikia amri ndani ya gemu) ukaandika sv_cheats 1, amri ya kuwasha chiti, unapelekwa kwenye chumba chenye meza moja, Msimulizi anakugombeza kwa kutokuwa mtu makini, na unabaki humo. Nimecheka sana mara ya kwanza. Kwahiyo jibu ni usisumbuke, na hata hivyo njia yenyewe ni fupi, mtu yeyote akiirudia jioni moja mbili anaipata.

Kwani hamna mwisho mfupi zaidi ya huo wa Uhuru? Si ukifunga mlango wa chumba gemu inaisha?

Ipo miisho ya haraka sana, huo wa kufunga mlango ni mmojawapo. Lakini ushauri wangu kimbiza Uhuru, maana ndio mimi nimepata nayo, na wanaonitumia picha zao nao wamepita hukohuko. Na ukitaka maoni yangu, ndio mwisho unaostahili kuitwa kumaliza hadithi.

Ninayo Ultra Deluxe, kuna tofauti?

Achivumenti ipo, muda ni uleule, njia ni ileile. Tofauti ni vishawishi vimeongezeka. Ukishazunguka mara kadhaa utaona mlango mpya umetokea umeandikwa NEW CONTENT, yaani mambo mapya, usiingie siku ya kukimbiza. Pia kuna ndoo. Ndio, ndoo, na ukiibeba Msimulizi anabadilisha maneno na miisho inabadilika, kwahiyo siku hiyo iache. Siku nyingine ibebe uende nayo kila sehemu, utanishukuru.

Kiingereza changu sio kizuri, yule mzee anaongea haraka, ntaweza?

Utaweza. Washa maandishi ya chini kwenye menyu, yanasaidia sana. Kwa kukimbiza hauhitaji kuelewa kila neno, unahitaji kujua alama zako: kushoto, juu, 2845, lango kubwa, zima. Mdogo wangu ana miaka 12, nilimwandikia hayo maneno matano kwenye karatasi akaanza kwenda. Lakini kwa kuicheza taratibu hapo lugha inahitajika, maana utamu wote uko kwenye maneno. Mkikaa wawili, mmoja anaelewa zaidi anamtafsiria mwenzake, inakuwa kama kusikilizia mchezo wa redio. Mimi na mdogo wangu tuliimaliza hivyohivyo na naona aliielewa kuliko mimi.

Nimewekewa na rafiki kwa flashi, mbona achivumenti haitokei?

Haitatokea kwenye akaunti yako. Achivumenti inaandikwa kwenye akaunti uliyonunulia gemu. Subiri siku za punguzo, huwa inashuka bei. Waliotengeneza ni kikundi kidogo cha watu na wamefanya kazi kubwa sana, nunua.

Kukimbiza gemu ya hadithi si ni kuiharibu? Umeruka kila kitu

Hili aliniuliza binamu yangu akiwa amekasirika kabisa, na nimelifikiria sana kuliko mengine yote.

Angalia ile njia niliyoandika juu. Kushoto, kwa sababu Msimulizi amesema kushoto. Juu, kwa sababu amesema kwa bosi. Namba, anakutajia yeye. Mtambo, anataka uzimwe, umezima. Yaani kwenye gemu yote, ukitaka kwenda haraka inabidi uwe mtiifu kuliko siku zote, usibishe hata mara moja, usigeuze hata shingo. Alafu mwisho unaoupata unaitwa Uhuru! Msimulizi anatangaza kwamba Stanley yuko huru, hakuna tena wa kumwamuru, na sekunde hiyohiyo anayosema hayo wewe umenyang'anywa kibodi, Stanley anatembea mwenyewe kuelekea kwenye jua na wewe unaangalia tu.

Nilishaupata huo mwisho mara nyingi nikicheza taratibu na sikuliona hili vizuri. Nililiona nikiwa nakimbiza, mzunguko kama wa 15 hivi, vidole vinaenda vyenyewe, sifikirii chochote, najibu amri tu. Nikakumbuka mwanzo wa gemu: mtu amekaa chumba 427, skrini inamwambia kitufe gani na abonyeze kwa muda gani, na yeye anabonyeza, na anafurahi. Nikaangalia mikono yangu mwenyewe. Nilisimamisha gemu nikaenda kunywa maji.

Kwahiyo binamu, hapana, haiharibu. Kwa gemu nyingine labda, ila kwa hii mimi naona waliiweka hiyo achivumenti wakijua kabisa wanachofanya.

Na kama una Ultra Deluxe hili wamelirudia kwa njia nyingine. (Spoila kubwa hapa, ruka uende swali linalofuata kama haujafika.) Kuna sehemu Msimulizi anasoma maoni mabaya ya wachezaji, wengine wanalalamika anaongea sana, inamuuma, basi anatengeneza kitufe cha kuruka maneno yake. Unabonyeza, unaruka kidogo. Unabonyeza tena, unaruka zaidi. Kila ukibonyeza muda unaopita ni mrefu kuliko wa mwanzo, na yeye kwa upande wake anaishi muda wote huo akiwa peke yake anakuongelesha na wewe haupo. Anaanza kukuomba usibonyeze. Lakini hamna mlango, hamna kingine cha kufanya humo ndani zaidi ya kubonyeza. Mpaka inafika mahali chumba kimechakaa kimebomoka. Nimecheza gemu nyingi za kutisha na hakuna iliyonikaa moyoni kama hicho chumba.

Kuna gemu nyingine za hadithi zenye achivumenti ya namna hii?

Zipo. Ninayoipenda ni Gone Home, ya 2013 pia, ya kampuni ya Fullbright. Ni msichana anarudi nyumbani kwao Oregon, Marekani, mwaka 1995, usiku, mvua inanyesha, nyumba tupu, na wewe unapekua vyumba kujua familia imeenda wapi. Ukicheza kawaida ni kama masaa mawili hivi, na kuna achivumenti ya kuimaliza chini ya dakika 1. Ndio, moja. Inawezekana kwa sababu hadithi yote imefichwa ndani ya nyumba ambayo wewe tayari unaijua, ukishajua ufunguo uko wapi na mlango gani ni wa mwisho unapita tu. Lakini huko nako nasema lilelile, usiku wa kwanza soma kila barua.

Nimepata Speed run! Nifuatie ipi?

Hongera sana! Sasa uje upande wa pili. Kuna Commitment, inataka uicheze gemu Jumanne nzima, masaa 24. Ile ya 2013 ina Go outside, inataka usiifungue gemu kwa miaka 5. Waliotengeneza Ultra Deluxe wakaona haitoshi, wakaweka Super Go Outside, miaka 10. Wapo wanaopeleka saa ya kompyuta mbele wanaipata siku hiyohiyo, mimi siwalaumu ila nimeamua kungoja.

Niliifunga Ultra Deluxe yangu Juni 2023. Mdogo wangu anacheza kwenye akaunti yake na mimi nakaa pembeni naangalia tu, sigusi. Juni 2033 ntaifungua, yeye atakuwa ameshamaliza shule, na nimemwambia siku hiyo akiwa popote aje tukae wote tumsikilize yule mzee anaanza tena kuhadithia kuhusu Stanley.